Ajali haina kinga? Saiti kinga ipo, haijanunuliwa tu

Kuna maneno yanasemwa karibu kila msiba wa mtu aliyefia saiti na mimi nimechoka kuyasikia. Mtu ameanguka toka kwenye jukwaa la ghorofa ya kwanza, jukwaa lenyewe lilikuwa mabanzi matatu yamelazwa tu hayana hata msumari, halafu pale msibani mzee mmoja anasimama anasema ndo hivyo ndugu zangu, ajali haina kinga, siku zake zilikuwa zimefika. Watu wanaitikia, rambirambi inachangwa, kesho kutwa jukwaa lilelile linatumika na mwingine. Siku za mtu anazijua Mungu, hilo sibishani nalo hata kidogo. Ila msumari wa inchi nne ni jukumu letu sisi.

Mimi nasimamia ujenzi, nyumba za watu binafsi hasa, huku Dar, maeneo ya Goba, Madale, Kigamboni, mara nyingine mpaka Kibaha. Sio yale maghorofa makubwa ya mjini. Kwenye miradi mikubwa angalau kuna afisa usalama, asubuhi watu wanakusanywa wanaambiwa leo kazi ni hii na hatari yake ni hii, getini huingii bila helmeti na buti. Mimi naongelea saiti ya kawaida ambayo wewe unayesoma pengine unayo sasa hivi: kiwanja cha ishirini kwa ishirini na tano, fundi mkuu mmoja, mafundi watatu wanne, saidia fundi wamechukuliwa kijiweni asubuhi ileile, bosi, yaani mwenye nyumba, yuko ofisini Posta anapigiwa simu hela ya mchanga ikiisha. Kwenye saiti ya hivyo hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia hatari, kila mtu anaangalia kazi yake iishe. Na watu wanaumia hapo sio kwa sababu hatari imejificha, hatari wanaiona wote, tangu jana wanaiona, ila imeshazoeleka mpaka imekuwa sehemu ya saiti.

Sheria haijasema nyumba ya mtu binafsi isamehewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndo wanaisimamia, inamtaka mwajiri ahakikishe mtu anafanya kazi mahali salama na ampe vifaa vya kujikinga bila kumkata hela. Sasa pale saiti mwajiri ni nani? Bosi anasema ni fundi, nilishampa kazi yote. Fundi anasema ni bosi, mimi mwenyewe nimeajiriwa tu. Saidia fundi yuko katikati amevaa kandambili. Hili ntalirudia huko chini maana kwa mtazamo wangu ndo mzizi wenyewe.

Tuanze na kuanguka, kwa sababu hata nchi zinazohesabu vizuri ajali zao kila mwaka, kama Uingereza na Marekani, kuanguka kutoka juu ndo kunaongoza kuua mafundi wa ujenzi. Jukwaa letu la kibongo ni mirunda, yaani miti mirefu ya kusimamisha, na mabanzi, na mimi siliponde, mirunda mizuri ikifungwa vizuri inabeba watu bila shida. Shida ni inakotoka. Fundi amechukua kazi kwa jumla, jukwaa ni juu yake, kila mrunda anaonunua unatoka kwenye faida yake, kwahiyo anaokoteza. Mrunda umetumika saiti kadhaa, upande uliokuwa unakaa ardhini umeoza, anaukata hapo anaendelea nao. Banzi lina jicho katikati, pale pale ambapo mti ulitoa tawi, na ndipo linapovunjikia. Mguu wa jukwaa umesimama juu ya mchanga au juu ya tofali lililolazwa kwenye tope.

Halafu piga hesabu ya mzigo. Tofali la saruji la inchi sita linakaribia kilo 30. Saidia fundi akipanga ishirini pale juu ili fundi asisubiri, hizo ni kilo 600 tayari, ongeza mafundi wawili na makarai ya udongo wa kujengea, na vyote hivyo vimebebwa na vijiti vilivyochomekwa kwenye matundu ya ukuta uliojengwa juzi. Ukuta wenyewe bado haujashika! Watu wanaangalia kama banzi litabeba, hawaangalii kile kijiti cha chini na tundu lake.

Mimi nikifika kwenye jukwaa naanza chini kwenda juu. Miguu ikae kwenye kipande cha mbao pana, sio tofali. Kila upande uwe na mrunda wa mshazari, jukwaa lisilo na mshazari linacheza na likicheza misumari inalegea kidogo kidogo kila siku mpaka siku hiyo. Lifungwe na jengo, kupitia dirishani ndo rahisi, lisiwe limeegemea tu. Pa kukanyagia pawe mbao tatu zinazogusana, zimepigiliwa, na ncha isichomoze sana nje ya kiegemeo, maana ukikanyaga ncha ya ubao unaochungulia, upande wa pili unanyanyuka na wewe unashuka nao. Kisha reli usawa wa kiuno kupanda kidogo, kama mita moja, na ubao wa ukingo miguuni ili nyundo isimdondokee aliye chini. Reli ndo kitu cha kwanza kurukwa, watu wanasema inazuia kupitisha karai. Acha nafasi moja ya kupitishia upande wa ngazi, kwingine pote reli ipite. Hiyo ni kazi ya nusu saa na mirunda miwili mitatu.

Ngazi iegemee kwa mteremko wa moja kwa nne, yaani kama inapanda mita nne basi mguu ukae mita moja kutoka ukutani, juu ichomoze mita moja kupita pale unaposhukia ili uwe na cha kushika, na ifungwe kamba. Ngazi nyingi zetu ni vipande vya mbao vimepigiliwa pembeni, msumari mmoja mmoja. Misumari iwe miwili kila upande.

Na matundu, jamani, matundu kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa! Tundu la ngazi, tundu la bomba, mtu anafunika na boksi au mfuko wa saruji ili uchafu usidondoke chini. Tundu lililofunikwa na boksi ni baya kuliko lililo wazi, kwa sababu lililo wazi unaliona. Funika na ubao mgumu, pigilia, pakaa rangi nyekundu juu, basi.

Twende kwenye mashimo.

Masika, Madale, tulikuwa tunachimba karo la maji taka. Shimo limefika kama mita mbili na nusu, vijana wawili wako chini, mmoja na sururu mwingine anajaza ndoo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi nazunguka nikaona mpasuko kwenye ardhi, kama hatua moja hivi kutoka ukingoni, mwembamba, ncha ya kalamu ndo inaingia, ila umekwenda sambamba na ukingo karibu urefu wa shimo zima. Na udongo wote uliochimbwa umerundikwa upande huohuo, juu ya ule mpasuko. Nikamwambia fundi kaka watoe vijana. Akanijibu, "Kaka hii ardhi ngumu hii, jana tumeshinda humo kutwa nzima." Tukawatoa. Tukasogeza rundo la udongo mbali, tukakata ukingo ukawa na mteremko, ikala siku nzima na bosi alilalamikia hela ya hiyo siku. Hakuna kilichoanguka. Na huo ndo ugumu wa hii kazi, ukizuia ajali huna cha kumwonyesha mtu, unabaki na gharama tu mkononi.

Ila ule mpasuko maana yake inajulikana. Ukingo umeshaanza kujitenga, unasubiri uzito au maji. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hivi, ukilowa inazidi, na mtu akifukiwa mpaka kifuani kichwa kiko nje bado anaweza kufa hapo hapo mnamwangalia, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kutanuka avute hewa. Kwahiyo shimo likishapita usawa wa kiuno kwenda kifuani, mita moja na robo hivi, mimi nalihesabu ni shimo la hatari: ama ukingo ukatwe mteremko ama upigiwe mbao za kuzuia. Udongo unaotoka ukae angalau mita moja mbali na ukingo, zaidi kama shimo ni refu. Ngazi iwe ndani muda wote mtu akiwa ndani. Fuso la mchanga lisisogee pale, dereva anataka kumwaga karibu ili watu wasibebe mbali, mwambie hapana. Na baada ya mvua hakuna kushuka mpaka mtu mzima azunguke aangalie.

Kuna na ukuta wa jirani. Unachimba msingi wa fensi yako kando ya fensi ya mwenzako, ukuta wake una msingi wa kina kifupi tu, wewe unashuka chini yake, unaondoa udongo uliokuwa unaushikilia, na vijana wako wameinama hapo hapo. Ukuta wa tofali hauna nondo, ukianza kulala haurudi. Chimba vipande vifupi vifupi, jenga kipande, rudishia udongo, ndo uende kingine. Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilishuka na watu ndani na pembeni wakiwa kwenye biashara zao, waliokufa walipita 20, na taarifa za wakati ule zilisema chini ya jengo kulikuwa kunachimbwa. Lile lilikuwa ghorofa na huku kwetu ni fensi, ila kuchimba chini ya kitu kilichosimama ni kuchimba chini ya kitu kilichosimama.

Shimo la choo la zamani au kisima ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba unisome polepole. Hewa ya humo inaweza kuwa sumu na usijue, mtu anashuka anaishiwa nguvu, mwenzake anamwona amelala anashuka kumwokoa naye anaenda, wa tatu naye hivyo hivyo. Familia zimepoteza ndugu wawili watatu kwenye shimo moja saa moja. Wazee wanashusha mshumaa, ukizimika wanasema hakuna hewa. Ni kweli utakwambia hewa ya kuvuta imepungua, ila hautakwambia kama kuna gesi ya sumu, na kwenye shimo la choo kuna gesi inayoshika moto, unaweza kulilipua. Mtu asishuke shimo la namna hiyo bila kufungwa kamba kiunoni na kifuani huku kamba imeshikwa na watu wa kutosha juu wa kumvuta. Akianguka mnavuta kamba, hakuna anayeshuka. Pampu ya petroli au jenereta usiishushe kisimani hata siku moja, moshi wake unaua haraka na moshi wenyewe hata hauonekani vizuri. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, wanafanya uokoaji pia sio moto tu, watu wengi hawalijui hilo.

Sasa slabu. Siku ya kumwaga zege ndo siku yenye furaha saiti, mikseri inalia, watu wengi, mama lishe kapika wali mapema, bosi mwenyewe kaja na familia wanapiga picha. Na ndo siku yenye mzigo mkubwa kuliko yote. Zege bichi ni tani mbili na point nne kwa mita ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 ni kilo 360 kila mita mraba, kwahiyo slabu ya mita mraba mia moja ni tani 36 kabla hujahesabu watu, mikokoteni na mafundi wamesimama kundi sehemu moja. Na zote hizo zimebebwa na mirunda, zege lenyewe siku hiyo halijibebi hata kidogo.

Kwahiyo jana yake jioni, sio asubuhi yenyewe, ingia chini ya slabu utembee mwenyewe na tochi. Mrunda uliounganishwa kwa kipande na misumari katikati, utoe. Mrunda uliopinda, utoe. Uliosimama kwenye udongo mtupu, uwekee ubao chini. Gusa kila mmoja kwa mkono, ukicheza maana yake haujabeba kitu na wenzake ndo wamebeba mzigo wake. Angalia mishazari pande zote mbili. Siku yenyewe zege lisirundikwe sehemu moja, lisambazwe, na chini kusiwe na mtu anapita isipokuwa mmoja anayeangalia mirunda, naye akae pembeni sio katikati, akiona mbao zinabonyea apige kelele juu wasimame.

Halafu kuna haraka ya kutoa mirunda. Mbao zimekodiwa, zinadaiwa saiti nyingine, bosi anauliza kwani bado tu? Zege linahesabiwa limefika nguvu yake siku 28. Mbao za pembeni za bimu (boriti za zege) na nguzo zinatoka mapema, ila mirunda ya chini ya slabu na bimu isubiri mpaka injinia aseme, na itolewe kwa mpango: ya bimu na slabu iliyoshikwa pande zote unaanza katikati unakwenda pembeni, ya baraza lililochomoza nje unaanza kwenye ncha ya nje unarudi ukutani. Ukigeuza huo mpango unalibebesha zege mzigo upande ambao nondo haziko. Na usiongeze ghorofa ambayo haipo kwenye mchoro. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 lile jengo la mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar liliporomoka likiwa bado linajengwa, watu 36 walikufa, na kati yao walikuwepo watoto waliokuwa wanacheza tu jirani. Kilichosemwa sana baadae ni kwamba ghorofa zilikuwa zimezidi zilizoruhusiwa. Mimi kila bosi akiniambia "tuongeze kaghorofa kamoja juu" nawaza lile jengo.

Umeme nao. Nondo ya dukani ina urefu wa mita 12. Watu wawili wanaipandisha juu ghorofa ya kwanza, mmoja chini mmoja juu, inasimama wima, inayumba, na nguzo za TANESCO za msongo mkubwa zimepita mbele ya kiwanja. Waya wa kilovolti 11 au 33 hauna ganda, ule ni chuma kitupu, na sio lazima uuguse, ukisogea karibu sana unaruka wenyewe. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyesimama peku chini ameshika ncha. Kama waya umepita karibu na jengo usianze kupandisha chochote kabla hujawaona TANESCO, na nondo zikatwe chini zipande vipande au zipitishwe upande wa pili wa jengo. Hata bati na ngazi ya aluminiamu ni hivyo hivyo.

Huu umeme mdogo wa saiti ndo tumeuzoea vibaya kabisa. Waya hauna plagi, nyuzi mbili zimechunwa zimechomekwa kwenye soketi zikakazwa na vijiti. Waya umepita kwenye maji ya kulowekea tofali. Ungio limefungwa na mfuko wa plastiki. Nunua plagi, nunua ekstensheni nzima yenye waya wa ethi, na mwambie fundi umeme akufungie ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, pale unapochukulia umeme wa saiti. Inakata kabla moyo haujapata shida. Haina bei ya kutisha ukilinganisha na mlango mmoja wa mninga.

Grinda. Naona vijana wanatoa kava ili wafunge disiki kubwa kuliko mashine. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, disiki ya inchi tisa imetengenezwa kuvumilia 6,600 tu, imeandikwa hapo hapo juu yake soma. Ikipasuka vile vipande vinakwenda usoni na shingoni. Disiki ya saizi yake, kava ibaki, miwani ya kukinga macho, na hapo sina cha kuongeza.

Zege linaunguza, hili wengi hawaamini kwa sababu haliumi mwanzoni. Dogo mmoja siku ya slabu zege liliingia ndani ya gambuti, akaona aibu kusimama wenzake wanakimbizana na makarai, akaendelea nalo mpaka jioni. Alipovua soksi ngozi ya juu ya kifundo cha mguu ilitoka nayo, chini pamekuwa pekundu na sehemu nyingine pamekuwa na rangi ya kijivu. Saruji ikilowa ni kali kama magadi, na inavyozidi kukaa kwenye ngozi ndo inavyozidi kuchimba. Likiingia kwenye buti toa buti hapo hapo, osha na maji mengi safi kwa muda mrefu. Likiingia jichoni osha dakika ishirini bila kuacha halafu hospitali, sio kupuliza puliza. Na wale mafundi wanaopiga sakafu wakiwa wamepiga magoti kwenye zege bichi wawekewe ubao.

Misumari kwenye mbao zilizotolewa, ing'oe au ipinde siku hiyo hiyo, na aliyechomwa akachome chanjo ya pepopunda. Vumbi la kukata vigae na mawe lina madhara ya mapafu yasiyopona, mwagia maji wakati wa kukata. Mabati ya asbesto kwenye nyumba za zamani usiyavunje yakiwa makavu, na ukiweza usiyaguse mpaka upate watu wanaoyajua. Jua la Januari na Februari, maji ya kunywa yawepo, watu wanazimia juu ya paa.

Kuna watu ambao sio mafundi na saiti inawaua. Mama lishe saa nne anakuja na chai anapita chini ya jukwaa kwa sababu ndo njia fupi. Watoto wa mtaani jioni wanacheza kwenye lundo la mchanga, pembeni yake kuna shimo la karo limejaa maji ya mvua na halina uzio, au pipa la maji liko wazi. Zungushia mabati hata chakavu, funika shimo kila jioni, mlinzi aambiwe kabisa kwamba watoto ni sehemu ya kazi yake sio nondo peke yake.

Sasa nirudi pale kwenye mwajiri ni nani. Tunapenda kusema mafundi wazembe, wanapewa helmeti hawavai. Ni kweli wapo. Ila angalia yule saidia fundi: amelipwa kwa siku, kesho hana uhakika wa kuitwa, anaongea na fundi ambaye ni sawa na baba yake kwa umri. Ameona banzi limepasuka. Atasema nini? Akisema anaambiwa dogo unaogopa kazi, nenda nyumbani tuite mwingine, kijiweni wamejaa. Kwahiyo anapanda. Ukimlaumu huyu unamlaumu mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote pale. Na fundi naye umempa kazi yote kwa jumla, umemkamua bei mpaka basi, kila ubao wa jukwaa unatoka kwenye chakula cha watoto wake. Wewe mwenye hela ndo umeamua jukwaa liweje, ila uliamua siku ile mnapatana bei, na hukujua.

Ninachofanya mimi kwenye makubaliano natoa jukwaa, mbao za mashimo, mirunda na vifaa vya kujikinga nje ya bei ya ufundi. Bosi ananunua au anakodi mwenyewe, kwenye bajeti inakaa mstari wake pamoja na saruji na nondo. Fundi hana tena sababu ya kubania. Helmeti ya kawaida bei yake haiko mbali na mfuko mmoja wa saruji, na nyumba inakula mifuko mamia. Pili, asubuhi kabla ya mtu kushika kitu tunazunguka saiti nzima pamoja, na ninayemwambia anionyeshe hatari ni saidia fundi, sio fundi, kila siku mwingine. Wanaona vitu ambavyo sisi wakubwa tumeacha kuviona. Tatu, yeyote akisema simama kazi inasimama, hata kama ni wa siku ya kwanza, na hela yake ya siku haiguswi. Hili la hela ndo linalofanya mengine yawezekane, maana ukisimamisha kazi na ukamkata, kesho hatasema.

Na mtu akiumia licha ya yote: aliyeanguka toka juu usimnyanyue kwa mikono na miguu umtupie kwenye bajaji, kama mgongo au shingo imeumia unaweza kummaliza hapo. Mwache alivyolala, mshikilie kichwa kisicheze, zuia damu kwa kukandamiza kitambaa safi, tafuta gari ambalo atalazwa bapa juu ya ubao. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwepo saiti na mtu mmoja awe amefundishwa kukitumia. Kuhusu fidia, huku Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mchango analipa mwajiri na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Ukimpa kazi mkandarasi muulize kama anachangia na kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na akuonyeshe karatasi. Mjane wa fundi hawezi kuishi kwa rambirambi za mtaani.

Kama unaanza msingi wiki hii, kabla hujatuma hela ya kokoto mpigie fundi umuulize mbao za jukwaa anazitoa wapi na shimo la karo atalizuia na nini. Akikujibu ataokoteza hapo hapo saiti, nunua hizo mbao kwanza, kokoto zitakuja Jumatatu.